Mizimu ya Korogwe na Handeni: tuitembelee kwa miguu

Leo naomba tuongelee mizimu. Usikimbie, soma kwanza hadi mwisho ndipo uniite mshirikina.

Wenzetu wa York, kule Uingereza, tangu mwaka 1973 wana matembezi ya usiku ya mizuka. Unalipa kiingilio, unamfuata mwongozaji aliyevaa mavazi ya kizamani, anakusimamisha mbele ya nyumba na kukusimulia nani alifia humo na nani bado anaonekana dirishani. Kusini mwa Marekani, miji kama Savannah inafanya biashara hiyo hiyo na watu wanakula. Fikiria, mtu anatoa hela yake ili atishwe! Sisi tunatishwa bure, tena tunatishana wenyewe kwa wenyewe.

Na kama kuna sehemu ya nchi hii yenye jina kwa mambo hayo, ni Tanga. Mwambie mtu wa Dar unakwenda Handeni uone. Atacheka kwanza, kisha atakuuliza unakwenda kwa mganga gani. Basi nikaamua kufanya matembezi yangu mwenyewe. Siku mbili, siku moja Korogwe na nyingine Handeni, miguu yangu na daftari. Kila jengo nililoambiwa "hapo pana kitu" niliuliza maswali mawili tu. Kuna nini? Na nani aliishi au kufanya kazi hapo?

Kwa nini swali la pili? Msomaji wangu, twende pamoja utaona.

Korogwe nilianzia stesheni ya reli. Reli hii ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Baadaye ilikuja kukaa miaka mingi bila treni ya abiria, hadi safari zilipofufuliwa mwaka 2019. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia kwamba miaka ile reli ilipolala, usiku watu walikuwa wanasikia behewa zikipita. Nikamuuliza nani waliijenga. "Wajerumani," akanijibu haraka. Nikamuuliza, Wajerumani ndio waliobeba mataruma na kuchimba udongo? Akanyamaza kidogo, akacheka. "Hapo sasa umenishika, braza."

Mchana nikatoka nje ya mji hadi kwenye shamba moja la zamani la mkonge. Wadau mliokulia njia hii mnayajua mandhari yenyewe. Mistari ya mkonge hadi macho yanachoka, nyumba ya meneja juu ya kilima, na chini kabisa korona, yaani ile mitambo ya kuchakata majani ili kupata singa. Ndiyo, watu wa Tanga walikuwa na korona yao kabla dunia haijapata ya kwake!

Mkonge si mmea wetu. Aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida na ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62, hadi mwaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka. Mwaka 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba. Soko likaharibika, nailoni ikaingia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na kama tani 20,000. Ndiyo maana majengo ni mengi na watu ni wachache. Popo wamejaa, madirisha yameng'olewa, vyuma vimekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukipita hapo jioni peke yako, mwili unasisimka hata kama wewe ni msomi wa wapi.

Nilimkuta mzee mmoja akichunga mbuzi wake karibu na nyumba ile ya meneja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hawajambo huko mjini?"

Tulikaa kivulini. Akaniambia utotoni walikatazwa kabisa kusogelea nyumba ile, kwa sababu ndani alikaa mumiani. Mumiani, kwa wasiojua, ni yule anayekamata watu awanyonye damu. Hadithi hizi zimeenea Afrika Mashariki yote. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto na magari yao mekundu, na mwaka 2000 Mmarekani Luise White alitoa kitabu kizima kuhusu uvumi huo. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, jina la dawa. Na usishangae, Wazungu wenyewe kwa karne nyingi waliuza unga wa maiti za kale za Misri madukani kama dawa. Kwa hiyo fikra kwamba kuna watu wanaotumia miili ya wenzao kama dawa haikuanzia Korogwe.

Halafu nikauliza swali langu la pili. Hapo mzee akafunguka. Baba yake alitokea Kigoma miaka ya 1950, akaletwa na SILABU, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1944 na wenye mashamba kutafuta vibarua mbali. Walikuwa wanaitwa manamba kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Mfumo wa kazi ulikuwa wa kipande, kadi ya siku 30 za kazi za kumaliza ndani ya siku 42. Namba ya baba yake mzee aliitaja hapo hapo bila kufikiri, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Wapo waliorudi kwao, alisema, na wapo waliobaki. Akaninyooshea kidole upande wa pili wa barabara, kwenye vichaka. Makaburi. Hayana majina.

"Mzee, na huogopi kupita hapa usiku?"

"Nimwogope nani? Baba yangu yumo humu."

Ndugu zangu, jibu lile lilinikaa kichwani njia nzima.

Kesho yake nikapanda gari hadi Handeni. Mji huu Waingereza waliuchukua Juni 1916, wakimfukuza Jenerali von Lettow-Vorbeck kuelekea kusini. Daktari wa jeshi lao, Francis Brett Young, aliandika kitabu kuhusu mwendo ule, "Marching on Tanga". Lakini mizigo ya jeshi ilibebwa na nani? Wapagazi. Inakadiriwa kuwa upande wa Waingereza peke yake zaidi ya 90,000 walikufa katika vita nzima ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa badala ya risasi. Wewe unayekwenda Kariakoo kununua simu, jina hilo limetokana na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Dar tumebaki walau na jina. Handeni nilitembea kutwa nzima nikiulizia wapagazi, sikumpata wa kunisimulia.

Majini, lakini, niliyapata! Mama mmoja wa genge alinionyesha nyumba kuukuu ambayo, kwa maneno yake, hailaliki. Nani alikaa humo? Hajui. Jirani yake? Hajui. Mwenye nyumba ya tatu? Hajui, ila jini analijua hadi kimo chake.

Hapo ndipo nilipopata nilichokifuata. Mzimu wa kutisha huingia pale jina la mtu linapotoka. Wazigua na Wasambaa wa zamani walikuwa na mizimu, ndiyo, lakini ilikuwa mizimu ya wazee wao, yenye majina, inayoitwa kwa tambiko na kuombwa mvua. Mtu humwogopa asiyemjua. Babu yako unamsalimia.

Na jambo hili si la kuchekesha. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ukazuka uvumi kwamba ni wanyonya damu. Waliuawa. Watu watatu waliokuwa kazini, na mumiani yule yule wa zamani. Katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, "Mzimu wa Watu wa Kale" ya mwaka 1960, watu wanashika mzimu na Bwana Msa anamtafuta binadamu. Tungekuwa na akina Bwana Msa wengi vijijini, pengine watatu wale wangerudi nyumbani.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Vijana wa Korogwe na Handeni, anzisheni matembezi hayo. Stesheni, korona, nyumba ya meneja, makaburi. Wageni wa Lushoto wanapita Korogwe na Mombo wakichungulia dirishani tu. Washusheni, watembezeni, watozeni kiingilio. Hadithi ya mumiani isimulieni yote, msiifiche. Lakini ikishaisha, tajeni na majina ya waliofanya kazi pale, na kwa kuwa hayajaandikwa popote, nendeni mkawaulize wazee wiki hii. Yule wa mbuzi amekwishapita miaka sabini, na namba ile ya baba yake ipo kichwani mwake tu.

Mimi niliiandika kwenye daftari, pamoja na jina. Wa pili wake nani?

Naomba kuwasilisha.