Kwa baiskeli hadi Nyamisati katika kipupwe

Kwa wasomaji wetu wengi wa bara, baridi ya Pwani ni jambo la kuchekesha. Watu wa Makete, ambao Julai huamka wakakuta majani yamefunikwa na sakitu, watatuuliza ni baridi gani hiyo inayolalamikiwa na watu wa Kibiti. Hatuna hoja ya kuwajibu, ila tutawaomba wapande baiskeli alfajiri ya Julai, shati limelowa jasho, wauelekee upepo wa kusi unaotoka baharini. Aliyesimama barazani na aliye juu ya baiskeli hawapati baridi moja. Upepo humpokonya mwendeshaji joto la mwili wake, na jasho linapokauka huondoka na lile lililobaki.

Makala haya tunayaandika sisi ndugu wawili, wazaliwa wa Kibiti tunaoishi Dar es Salaam. Tunayaandika kwa idhini ya mama yetu, na majina tumeyaacha, kwa kuwa yamo ndani yake mambo ya marehemu baba yetu, Allah amrehemu.

Babu yetu alifariki akiacha mtoto mmoja wa kiume, ambaye ni baba, na binti mmoja, shangazi yetu, aliyeolewa katika kijiji kimoja ndani ya delta ya Rufiji. Aliacha pia minazi 72. Kwa hukumu ya mirathi, fungu la mtoto wa kiume ni sawa na mafungu ya wanawake wawili. Minazi 48 ilikuwa ya baba na 24 ya shangazi. Hesabu hiyo mtoto wa madrasa angeimaliza kwa vidole. Lakini minazi ilikuwa karibu na nyumba yetu, shangazi alikuwa mbali, ng'ambo ya maji, na mwaka ukafuata mwaka baba akiangua yote 72. Tulipokuwa wadogo, kila kipupwe, alikuwa akipanda baiskeli kwenda kumwona dada yake, amefunga sukari na doti ya khanga kwenye keria. Baadaye akawa anatuma salamu tu. Mwishowe salamu nazo zikakatika. Hakutuambia sababu, ila tulipokua tulielewa kwamba mtu huikwepa njia ipitayo mlangoni kwa anayemdai.

Katika maradhi yake ya mwisho alituita, akasema maneno machache: "Ishirini na nne ni ya shangazi yenu. Mpelekeeni."

Tungependa kusema kwamba tuliondoka siku ya pili baada ya matanga. Hatukuondoka. Ilipita miaka miwili, tukiwa na udhuru wa kazi, wa masika, wa ada za watoto. Jioni moja mama alituuliza kwa sauti ya chini, "Mnamngoja na yeye afe?" Hatukupata jibu. Wiki ile ile tuliandikisha mgawanyo mbele ya sheikh na mashahidi, tukahesabu thamani ya nazi zilizoanguliwa katika minazi 24 tangu baba afariki, tukaifunga fedha na karatasi katika mfuko wa plastiki.

Mama aliamua jambo jingine. Phoenix nyeusi ya baba, iliyokuwa imeegeshwa stoo, ipelekwe akapewe mjukuu wa shangazi, ambaye ni mchuuzi wa samaki. Basi mmoja wetu aliipanda hiyo, na mwingine akaazima ya jirani.

Tulitoka Kibiti kabla ya saa kumi alfajiri. Mama alitufundisha hila aliyoitumia baba: kuweka gazeti kati ya fulana na shati, kifuani, ili kuuzuia upepo. Gazeti hili hatukulitumia, kwa kuwa lina aya za Qur'ani. Tulichukua la michezo, nalo lilifanya kazi yake vizuri. Barabara ya Kilwa ilikuwa nyeusi na tulivu, isipokuwa malori ya kutoka Lindi na Mtwara. Kila lilipotupita, lilituachia wimbi la hewa baridi lililotutikisa mpaka ukingoni. Katika mabonde ukungu ulikuwa umelala juu ya lami. Tulipokuwa tukiteremka humo masikio yaliuma, na tulipopanda kilima cha pili tulishukuru, kwa sababu miguu ilifanya kazi na joto likarudi.

Adhana ya alfajiri ilitukuta tunaingia Bungu. Maji ya birika la msikiti yalikuwa makali kuliko upepo. Vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi kwenye usukani havikuweza hata kufungua vishikizo vya mikono ya shati. Mzee mmoja aliyekuwa akitawadha kando yetu alitabasamu, akatukumbusha mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba kuutimiza udhu wakati wa taabu ni katika mambo yanayofuta makosa na kupandisha daraja. Kisha akasema, "Na ninyi leo mmejaaliwa taabu ya kutosha." Baada ya sala tulikunywa uji wa mchele wenye nazi na pilipili manga kwa mama mmoja aliyekuwa ameinjika chungu kando ya barabara. Hatujui chakula cha karamu yoyote kilichotuingia mwilini kama uji ule.

Pale Bungu njia ya Nyamisati huiacha barabara kuu na kuelekea kusini-mashariki. Mtu asiye na baiskeli hataona tofauti. Sisi tuliiona mara tu tulipogeuza usukani, kwa sababu kusi, lililokuwa limelala usiku, liliamka na jua, likatukabili kifuani. Mbele yetu kulikuwa na zaidi ya kilomita 30 za njia ya mchanga na changarawe, baina ya mikorosho na minazi, na saa zilikuwa zimehesabiwa. Siku zile zilikuwa za maji mafu, ambapo bahari hujaa kidogo tu, na nahodha alikuwa ametuma habari kwamba ataondoka maji yakifika kikomo, saa tano, hamngoji mtu.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya njia ilipoanza mvua ya mchoo, ile nyembamba isiyokuwa na kishindo, ambayo humlowesha mtu kabla hajaamua kujikinga. Gazeti la michezo likageuka uji kifuani. Mfuko wa mirathi tuliuhamishia ndani kabisa, chini ya fulana. Hapo tena tairi la nyuma la Phoenix likatoboka.

Kuziba pancha ni kazi ndogo kwa mtu mwenye vidole. Sisi vyetu havikuwa na hisia. Tuliuzungusha mpira mara tatu tukiutafuta mwiba bila kuuhisi, gundi ikamwagika, kiraka kikashikana na kidole badala ya tyubu. Tulianza kutazamana kama watu waliokwisha kujua kwamba watarudi nyumbani na mzigo wao. Mmoja wetu alisema waziwazi lile lililokuwa moyoni mwa wote: kwamba tumechelewa miaka miwili, na sasa tutachelewa tena kwa sababu ya mwiba.

Ndipo akatokea kijana kutoka upande wa Nyamisati, anaendesha kwa kasi, upepo mgongoni, tenga la samaki nyuma yake. Barafu ya kwenye tenga ilikuwa ikiyeyuka, na maji yake yakimtiririkia kwenye visigino tangu usiku wa manane. Alikuwa na ndala miguuni. Alisimama bila kuitwa, akatusalimu, akatazama vidole vyetu akacheka. "Wekeni mikono kwapani kwanza," alisema, "mwiba mtautafuta baadaye." Tulitii. Yeye akauona mwiba, akausugua mpira kwa msasa, akaupuliza kwa pumzi yake mpaka ukakauka, akabandika kiraka. Tulipotoa fedha aliusukuma mkono wetu. Alituomba dua tu, akapanda, akaenda zake na samaki wake waliokuwa wakimngoja mnunuzi Bungu. Sisi baridi ile tuliionja siku moja. Kwake ndiyo riziki ya kila siku.

Tuliobaki tulikanyaga pedali kama waliofukuzwa. Tulijifunza kupokezana: mmoja anatangulia kuukata upepo, mwingine anamfuata karibu, kisha wanabadilishana. Tulijifunza pia kwamba furaha ya safari ya namna hii huja bila kutarajiwa. Mawingu yalipasuka, jua likatupiga mabegani, nguo zikaanza kutoa mvuke, na harufu ya moshi wa kuni ikatufikia kutoka kwenye majiko ya nyumba za makuti. Tulijikuta tunacheka bila sababu.

Bandari ya Nyamisati, wanakopandia wasafiri wa Mafia, tuliiona maji yakiwa yamekaribia ukingo. Nahodha alikuwa amekwisha shika mti wa kusukumia. Alizilaza baiskeli zetu juu ya magunia, akatutazama, asiseme neno.

Tulipoingia katika mikono ya delta, upepo ulikatika ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Ule ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki, wa takriban hekta 53,000: mikoko yenye mizizi kama miguu ya kaa, mikandaa, michu na misinzi. Kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda kuezekea nyumba za Uarabuni. Humo ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani Königsberg, hadi Waingereza walipoiangamiza Julai 1915. Na humo, katika utulivu ule, joto liliturudia hata kwenye ncha za vidole.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye jamvi, anapepeta mchele. Tulibisha hodi, tukampa shikamoo. Aliitika marahaba, kisha macho yake yakatupita, yakatua kwenye Phoenix. Aliijua kabla ya kutujua sisi.

Tulimsomea karatasi. Tulimkabidhi fedha, akazihesabu polepole, sawasawa, kama mtu anayepokea haki yake na si sadaka. Kisha tukafika penye neno zito zaidi, yaani nazi zote zilizoanguliwa katika uhai wa baba, ambazo hatukuwa na hesabu yake wala uwezo wa kuzilipa. Tulimwomba atupe muda.

Alinyamaza kitambo. "Minazi yangu ninaijua," alisema. "Hizo alizokula ndugu yangu nimemhalalishia, duniani na akhera. Lakini kuacha kuja, wanangu, kuliniuma kuliko nazi." Kisha akainuka kwenda kututafutia nguo kavu, na sisi tukabaki tunatazama chini.

Tulilala kwake usiku mmoja. Siku ya pili tulivuka na kurudi watu wawili kwa baiskeli moja, ile ya jirani, tukipokezana pedali na keria. Kusi la alasiri lilikuwa mgongoni na lilitusukuma kama mkono wa mtu. Kwenye vilima tulishuka tukatembea. Magharibi tuliisali Bungu katika msikiti ule ule, na tulimkuta yule mzee. Alituuliza baiskeli ya pili iko wapi. Tulimwambia imefika kwa mwenyewe.

Sasa minazi 24 tumeizungushia chokaa ili pasitokee utata baada yetu. Mjukuu wa shangazi amekwisha kuja mara mbili kuangua, juu ya Phoenix ya babu yake, na mama humwekea uji. Ikiwa nanyi wasomaji mna shangazi, dada au binti ambaye fungu lake limelala mikononi mwenu, msingoje hali ya hewa iwe nzuri. Sisi twamwomba Allah amghufirie baba yetu, amlipe kheri yule kijana wa samaki, na amhifadhi katika barabara ya Bungu alfajiri hizi za kipupwe.