Kungojana kwa Kazi

Hapana kazi isiyokuwa na jirani. Mpishi humngoja mwenye kuni, mwenye kuni humngoja mwenye shoka, na mwenye shoka humngoja mhunzi. Yamkini wote wanne wana juhudi. Walakini mmoja akikawia, wengine hukaa na mikono mitupu, na njaa humshika mtu wa tano ambaye hakuwa na sehemu yoyote katika kukawia kule. Jambo hili ni la kale kama kazi yenyewe. Lililo jipya ni kwamba siku hizi kungojana huku kwaweza kutazamwa kwa macho, kumechorwa kwa mishale juu ya kioo cha kompyuta, katika programu zilizotengenezwa kwa ajili ya kupanga miradi. Watu wengi huitazama mishale hiyo ili wajue siku ya mwisho tu. Yapasa itazamwe kwa sababu iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo ni haki.

Katika zama za kupanga kwa karatasi, mchoro uliopendwa sana ulikuwa ule uliopewa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919. Kila kazi ilipewa mstari mnene uliolala, na urefu wa mstari ndio uliokuwa urefu wa muda. Mchoro huo ulieleza vizuri kazi gani ianze lini na iishe lini, lakini haukueleza kwa nini. Mistari miwili iliyofuatana yaweza kuwa mzazi na mwana, au wapita njia wawili waliokutana kwa bahati. Mistari yenyewe haikubagua. Mpolandi mmoja, Karol Adamiecki, alikuwa amebuni mwaka 1896 mchoro wake ulioitwa harmonogramu, ambao kwa kila kazi ulitaja kazi zilizoitangulia na zile zilizoifuata. Lakini kwa kuwa maandishi yake yalikuwa ya Kipolandi na Kirusi, wasomaji wa Kiingereza hawakupata habari zake kwa miaka mingi. Elimu nayo hungoja mfasiri.

Haja ya kuonyesha sababu ilizidi miradi ilipokuwa mikubwa. Katika mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walishirikiana kutafuta namna ya kukokotoa, kwa kompyuta iliyoitwa UNIVAC, ule mfululizo wa kazi ambao ndio uamuao siku ya mwisho ya mradi. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani lilianza kutumia njia ya ukoo huo huo, iliyoitwa PERT, katika kutengeneza kombora la Polaris, lililorushwa kutoka chini ya bahari kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Mwaka 1961 John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza namna ya kufanya hesabu za aina hiyo kwa mkono, bila kompyuta, kila kazi ikiwa ni kituo na kila mstari ukiwa ni fungamano baina ya vituo viwili. Microsoft Project, iliyotolewa kwanza mwaka 1984, na programu nyingi za jamii yake, ni warithi wa mawazo hayo.

Katika programu hizo mshale husema neno moja kati ya maneno manne. Neno la kwanza, ambalo ndilo la kawaida, ni kwamba kazi ya pili isianze mpaka ya kwanza imekwisha, kama bati lisivyopigiliwa kabla ya kenchi kusimama. Neno la pili ni kwamba kazi ya pili isianze mpaka ya kwanza imeanza, kama msawazishaji wa zege asivyoweza kuanza kabla ya wamwagaji. Neno la tatu ni kwamba kazi ya pili isiishe mpaka ya kwanza imekwisha, kama mhariri asivyoweza kukifunga kitabu ambacho mwandishi bado anakiandika. Neno la nne, lililo nadra, ni kwamba kazi ya pili isiishe mpaka ya kwanza imeanza, kama mlinzi wa usiku asivyoondoka langoni mpaka mlinzi wa mchana ameshika zamu. Tena, juu ya mshale huweza kuandikwa muda wa kungoja, kwa sababu lipu mbichi haipakwi rangi hata kama fundi yuko tayari na ndoo mkononi.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ambayo kuta zake zimekwisha simama. Kupaua kwahitaji siku 10. Kutandaza nyaya za umeme na mabomba ndani ya kuta kwahitaji siku 6, na kazi hii yaweza kwenda pamoja na kupaua. Lipu ya ndani yahitaji siku 8, nayo yazingoja kazi zote mbili: yangoja paa ili mvua isiiharibu, na yangoja nyaya na mabomba ili ukuta usije ukapasuliwa tena. Lipu ikiisha hungojewa siku 7 ikauke, kisha rangi hupakwa kwa siku 5. Seremala naye, katika karakana yake, ahitaji siku 12 za kutengeneza milango, na siku 2 za kuitundika baada ya lipu.

Programu hujumlisha: siku 10, na 8, na 7, na 5, ni siku 30. Mfululizo huu wa kupaua, lipu, kukauka na rangi ndio njia isiyokuwa na nafasi. Siku moja ikipotea ndani yake imepotea kwa nyumba nzima. Mafundi wa umeme na mabomba wana nafasi ya siku 4. Wakikawia siku 3 siku ya mwisho haisogei. Wakikawia siku 5 mradi wote hurudi nyuma siku 1, na tangu hapo wao ndio washikao njia, na wapauaji ndio wapatao nafasi. Basi uzito wa kosa haupimwi kwa urefu wa kukawia peke yake, bali kwa mahali kulipotokea.

Sasa mabati na yachelewe siku 3. Mwenye nyumba afika siku ya 31 akitumaini kuhamia. Amkuta fundi rangi bado yuko juu ya ngazi. Hasira yote humwangukia huyo, kwa kuwa yeye ndiye aonekanaye. Hajachelewa hata saa moja: alipewa siku 5, naye yu katika siku yake ya tatu. Lakini asimamaye mwisho wa safu hubeba makosa ya safu nzima, kwa kuwa walioyatenda wamekwisha lipwa na kwenda zao. Hapo ndipo mshale ufaapo kuliko ushahidi wa midomo. Aufuataye kinyumenyume hutoka katika rangi akaenda katika kukauka, katika lipu, katika paa, hata akayafikia mabati. Fundi rangi huachiliwa, na lawama hurudi nyumbani kwake.

Programu zina namna mbalimbali za kuonyesha mafungamano haya, na kila namna hufunua jambo na kuficha jingine. Mchoro wa mistari ya muda, mishale ikiwa imetiwa baina yake, huonyesha muda vema. Lakini kazi zikifika mia mishale hutatana kama wavu uliotupwa ufukoni. Mchoro wa visanduku huonyesha wazi nani amtangulia nani, lakini urefu wa siku huwa hauonekani kwa jicho. Safu ya namba katika jedwali, itajayo kwa kila kazi namba za kazi zilizoitangulia, ni sahihi kupita zote, na ni kavu kupita zote. Kwa ajili hiyo baadhi ya programu humruhusu mtazamaji kuichagua kazi moja, kisha kazi zote iziingojayo hutiwa rangi moja, na zote ziingojayo hutiwa rangi nyingine. Hiyo ndiyo namna inayofanana na swali la mwanadamu. Hakuna mfanyakazi aulizaye habari za kazi mia. Kila mmoja huuliza, ninamngoja nani, na nani ananingoja mimi?

Walakini mishale yote ya kioo hufanana sura, nayo haifanani asili. Upo mshale uliowekwa na maumbile: lipu haikauki kwa amri. Upo uliowekwa na sheria: ukuta hauendelezwi kabla ya mkaguzi kuupitisha msingi. Upo uliowekwa na uchache wa mikono: fundi mmoja hawezi kuwa darini na karakanani kwa saa moja. Na upo uliowekwa na mazoea tu. Mpangaji aweza kuandika kwamba milango isianze kutengenezwa mpaka paa limekwisha, kwa kuwa katika nyumba iliyotangulia ilikuwa hivyo. Pengine katika nyumba ile seremala alikuwa mmoja, yeye mpauaji na yeye mtengenezaji wa milango, na mshale ulikuwa wa kweli. Katika nyumba hii maseremala ni wawili, na mshale umekuwa wa uongo.

Msomaji na aitazame hesabu ya uongo huo. Milango ikianza baada ya siku 10, itakuwa tayari siku ya 22, na itatundikwa siku ya 24. Nyumba itaisha siku ya 30 kama kwanza. Mwenye nyumba hataona dosari, wala programu haitatia alama nyekundu mahali popote. Lakini seremala na vijana wake wamekaa siku 10 bila ujira, mbele ya mbao zilizo tayari, wakiingoja kazi isiyowahusu. Hasara ipo, ila haikuangukia mahali ambapo hesabu hutazama. Kwa hiyo kila mshale wapaswa kuulizwa: nani alikuweka, na kwa sababu gani? Usiokuwa na jibu na ufutwe.

Kama upo mshale wa uongo, upo pia mshale wa kweli usiochorwa. Programu haijui nyumba. Yajua kile ilichoambiwa. Mpangaji akisahau kuifunga lipu na nyaya, kioo kitaonyesha amani, na ukuta uliolainishwa vizuri utakuja kupasuliwa kwa patasi. Kusahau kwa namna hiyo ni udhaifu wa kila mtu. Iko namna nyingine ya kusahau ambayo huelekea upande mmoja. Katika orodha za miradi mtu atakuta kuchimba, kujenga, kupaua na kupaka rangi. Aghalabu hatakuta kutia sahihi, kuidhinisha, wala kulipa. Kazi za wenye mikono huandikwa kwa siku na saa. Kazi za wenye kalamu hudhaniwa kuwa zimekwisha fanyika. Hazina mstari, kwa hiyo hazina mshale. Hazina mshale, kwa hiyo hazichelewi kamwe.

Na turejezwe kwa mabati yale. Mshale ulipofuatwa kinyumenyume ulikoma kwa muuza mabati, na ilionekana kana kwamba kosa ni lake. Lakini muuzaji naye alikuwa akingoja bei yake. Fedha ilikuwa mfukoni mwa mwenye nyumba, naye aliikawiza siku 3 kwa sababu alizozijua mwenyewe. Kama juu ya orodha ingaliandikwa kazi moja zaidi, kulipa mabati, ikapewa siku moja na jina la mtendaji, mshale ungalitoka hapo ukapita katika paa, lipu na kukauka, ukafika kwa fundi rangi aliye juu ya ngazi. Na mwenye nyumba, alipoingia siku ya 31 akiwa amekunja uso, angalijiona mwenyewe mwanzoni mwa njia.

Hii ndiyo faida ya kutazama kungojana kwa kazi, na ndilo jaribio lake. Mpango uonyeshao wangojao peke yao, usionyeshe wangojewao hata wakiwa wakubwa, ni nusu ya mpango. Mstari ule mmoja wa malipo ni mwepisi kuuandika, wala hauongezi gharama. Apaswaye kuuandika ni mpangaji, naye huajiriwa na mwenye nyumba.