Kitonga kwa Baiskeli

Tangu Chalinze, kila tuliyemwambia kwamba tunakwenda Iringa kwa baiskeli alitujibu kwa swali lilelile: "Na Kitonga je?" Muuza chai aliuliza, fundi wa Morogoro aliyetukazia spoku aliuliza, hadi mwenzangu akaanza kuota kona za mlima ule kabla hajauona. Yeye ni Mhehe wa Kalenga, ameshuka na kupanda Kitonga maisha yake yote, ila siku zote ndani ya basi, na mara nyingi akiwa amesinzia.

Tulilala Ruaha Mbuyuni, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mbuyuni iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Abiria wa basi huijua tofauti hiyo kwa masikio kuziba. Mwendesha baiskeli huilipia kwa mapaja.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Barabara ni tambarare, mibuyu imesimama pande zote, vitunguu vimepangwa kando ya lami katika mifuko ya nyavu nyekundu, na milima ya Udzungwa iko kushoto. Ulikuwa mwezi wa saba, lakini bondeni humo jua la saa mbili asubuhi lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Kisha mlima. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na katikati malori ya Tunduma, yenye mizigo ya Zambia na Kongo, yakipanda kwa gia nzito. Yalikuwa yakienda polepole kiasi kwamba lori moja tulilipita, likatupita, tukalipita tena. Utingo wake akachungulia dirishani: "Wazee, shikeni bomba hapo nyuma tuwavute!" Vijana wengi hufanya hivyo. Sisi tulikataa. Lori likikosa gia mlimani hurudi nyuma, na aliyening'inia nyuma hana pa kukimbilia.

Tulijifunza kusoma barabara kama madereva wanavyoisoma. Matawi mabichi yaliyotupwa kwenye lami maana yake kuna gari bovu mbele ya kona. Harufu ya breki zilizoungua maana yake mzigo unateremka, kaa pembeni kabisa.

Na sasa niseme jambo ambalo wanaotishia watu hawalisemi: Kitonga inapandika. Barabara hii ya kwenda Zambia iliwekwa lami kwa ajili ya malori mazito, kwa hiyo wahandisi waliizungusha mlimani ili mwinuko usizidi nguvu za injini. Kinachoifaa injini iliyoelemewa kinafaa pia miguu ya binadamu. Ukipata gia yako ndogo na usishindane na mtu, unafika. Tulisimama mara nyingi, kunywa maji na kutazama nyani waliokaa ukingoni wakisubiri maganda ya ndizi kutoka kwenye mabasi.

Ilula tulikula ugali na maharage katikati ya matenga ya nyanya. Mama lishe alitutazama viatu, akatutazama nyuso, akasema, "Poleni, wanangu," akatuongezea mboga bila kuombwa. Hapo tayari upepo ulikuwa wa baridi.

Mbele kidogo, Lugalo, mwenzangu alishuka na kuvua kofia penye mnara. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilivamia msafara wa Wajerumani, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Ameupita mnara huo tangu utoto, akaniambia, na basi halijawahi kusimama.

Kilichotuvunja kabisa ni Ipogolo. Hapo unaiacha barabara kuu, unavuka Ruaha Mdogo, unainua macho na kuuona mji wa Iringa juu ya kilima. Hakuna aliyetuonya. Tulisukuma baiskeli jioni ile huku tukitetemeka, na kijana mwenye gunia la mkaa kwenye keria ya Phoenix akatupita akisukuma yake kwa kasi. "Kamwene!" akatuamkia, wala hakuhema.

Msomaji, ukitaka kuijaribu njia hii, toka Mbuyuni kabla ya jua, beba koti hata kama watu wa bondeni watakucheka, usishike lori la mtu, na akiba ya nguvu zako iweke kwa ajili ya Ipogolo.