Kuku wa Mjomba na Maneno ya Susu

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii niliifafanua katika mitihani tangu shule ya msingi, nikapewa alama zake, nikaisahau. Sikudhani kwamba siku moja ningeikuta imesimama mbele yangu katika kijiji cha mjomba wangu huko Kitui, na kwamba kamba yenyewe ningekuwa nimeishika mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Makueni. Kwetu, kama kwingineko Ukambani, kuku wa kienyeji ndiye benki ya mama. Huachwa ajitafutie riziki uani, akala mchwa na makombo, na jioni akarejea kulala jikoni. Shule zilipokaribia kufunguliwa, mama alifunga miguu ya majogoo wawili watatu akaelekea sokoni Wote, nami nikapata karo. Adui yake mkubwa alikuwa kideri, maradhi yanayoweza kufagia kuku wa boma zima kwa siku chache. Kuku hao hawakuhitaji kibali cha mtu yeyote. Walikuwa wachache, na uchafu wao ulimezwa na shamba.

Kuku wa mjomba walikuwa wa namna nyingine. Alipostaafu, mjomba aliazimia kujenga nyumba ya kuku elfu tatu wa mayai katika shamba la urithi, ng'ambo ya mto Athi. Kuku mmoja wa aina hiyo hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku, na hunywa maji yapatayo maradufu ya uzito huo, hasa jua likiwa kali. Fanya hesabu, ewe msomaji: kuku elfu tatu watahitaji kilo 360 za chakula na lita 720 za maji kila siku, yaani mitungi 36 ya lita ishirini. Hiyo ni Kitui, ambako mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na ikikosa, akina mama huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Aidha, kilichoingia kinywani hakina budi kutoka. Shamba la mjomba limeinama kuelekea kijito cha namna hiyo, na chini ya mteremko anaishi mjane mmoja mkongwe ambaye kijiji kizima humwita Susu, yaani nyanya.

Simlaumu mjomba kwa kutamani maendeleo. Vijana wa kijiji wamekimbilia Nairobi na Mombasa kwa kukosa kazi. Samadi ya kuku ina rutuba nyingi, na aliahidi kuwagawia majirani kwa ajili ya mahindi na miembe yao. Isitoshe, mjomba ndiye aliyenilipia karo ya muhula mzima mwaka ambao kideri kilimfilisi mama. Ukweli huo niuweke wazi mapema, maana ndio uliouponza ulimi wangu.

Kisheria, jambo la mjomba halikuwa la mjomba pekee. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Jedwali la Nne la katiba hiyo linazikabidhi kaunti shughuli za ufugaji, mipango na ustawi, pamoja na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kero nyinginezo za umma. Kabla ya hapo, Sheria ya Mazingira ya 1999 ilikuwa imekwisha kuleta tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni zake za 2003 ziliagiza kwamba mradi unapofanyiwa uchunguzi kamili, matangazo yabandikwe mahali pa wazi, redio itangaze kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, mikutano isiyopungua mitatu ifanywe, na maoni ya watu yanakiliwe pamoja na tafsiri zake. Makueni nayo, chini ya gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, ilisifika kwa kuanzia mikutano ya umma katika ngazi ya kijiji. Watunga kanuni walielewa kwamba bila lugha hapana ushirikishwaji.

Mradi wa mjomba haukuwa mkubwa kiasi cha kuhitaji hayo yote. Palikuwa na karatasi moja ya Kiingereza mlangoni pa afisi, na mkutano mmoja chini ya mgunga. Kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa nimefika chuo kikuu, niliombwa kuisoma karatasi hiyo kwa Kikamba, kisha kuandika maoni ya wanakijiji kwa Kiingereza. Nilikubali kwa fahari.

Wazee walizungumza, vijana wakaulizia kazi. Hatimaye Susu aliinuka, akaegemea mkongojo wake, akasema: "Sina ugomvi na kuku. Lakini mvua ya Novemba ikinyesha, kinyesi chao kitashuka wapi? Mimi ndiye ninayechota maji huko chini. Niambieni leo, msisubiri niugue."

Mkutano ulinyamaza. Mjomba alinitazama. Nami nikainama, nikaandika kwamba mzee mmoja aliuliza kuhusu usafi.

Sikuandika uongo. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi usiku ule. Kila neno nililoliandika lingeweza kutetewa darasani, na bado kijito, mvua, mteremko na mdomo wa mwanamke anayekunywa maji vilikuwa vimetoweka. Afisa angesoma karatasi yangu mezani pake asione sababu ya kuuliza jambo lolote.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Susu kisimani, akichota mchangani kwa kibuyu. Aliniuliza, "Mwanangu, maneno yangu yalifika?"

Ningeweza kujibu kwamba yalifika. Nilimwambia hayakufika, na kwamba aliyeyazuia ni mimi. Alimaliza kujaza mtungi wake kwanza. Kisha akasema, "Basi yaandike tena. Sasa hivi, kabla hujarudi shuleni."

Tuliandika pale pale, kwa Kiswahili, kwa sababu Katiba imekifanya kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, na kwa sababu Susu alitaka kusikia kila sentensi akiielewa. Alinisahihisha mara mbili. Kisha nikampelekea mjomba nakala kwa mkono wangu. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia kwamba mkono aliokuwa akiulisha umemwuma. Hatukuzungumza kwa miezi mingi.

Afisa alikuja, akatembea mteremko mzima kwa miguu. Kibali kilitolewa, lakini kwa masharti: nyumba ihamishiwe upande wa pili wa kilima, na samadi iwekwe katika shimo lililosakafiwa na kuezekwa. Mjomba aligharimika. Leo kuku wake wanataga, na upepo ukigeuka harufu hutufikia sote. Susu angali anachota kijitoni.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara tunasomea nini. Zamani nilikuwa na jibu refu. Siku hizi nakumbuka karatasi ile na mstari wangu mmoja uliokuwa sahihi kisarufi, nami huanza kwa kueleza habari za kuku.