Nahodha wa Lagos

Timu ya Namungo inapoikaribisha Simba au Yanga katika Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa mjini hakuna pa kupita. Vijana wanaojaa humo wanawajua wachezaji wa Arsenal na Manchester United hadi namba za mgongoni. Watajie Leodegar Tenga, wengi wanabaki kukutazama. Inaudhi.

Mwaka 1979 Ruangwa ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Nachingwea, na mpira ulifika huko kwa Redio Tanzania. Reli ya mradi wa karanga wa wakati wa ukoloni ilikwishang'olewa. Masika yakikaza, barabara ya Dar es Salaam haikupitika, na Rufiji ilivukwa kwa pantoni, hivyo magazeti yalifika yakiwa yamechacha. Betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili zifike jioni. Watu walibanana barazani, harufu ya korosho za kuchoma imetanda, masikio yote kwa mtangazaji. Agosti ya mwaka huo timu ya taifa, Taifa Stars, iliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kisha Peter Tino akasawazisha Ndola, 1-1. Safari ya Lagos, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, ikaiva.

Machi 1980 Tenga, beki aliyechezea Pan African na mhandisi kwa taaluma, ndiye aliyekuwa nahodha. Stars ilifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Thuwein Ally alifunga katika mechi ya kwanza na ya mwisho.

Desemba 2004 Tenga alichaguliwa kuongoza mpira wa nchi nzima. Chama cha mpira, FAT, kilichokuwa kimechoshwa na migogoro, kikawa shirikisho, TFF. Mwaka 2009 Stars ilikwenda CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na kuwafunga wenyeji, Ivory Coast, 1-0. Tenga aliongoza pia CECAFA, baraza la mpira la Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 2013 hakugombea tena, akamwachia Jamal Malinzi kiti.

Turudi Ruangwa: Namungo walipanda Ligi Kuu 2019. Agosti 2020 walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani huko Sumbawanga, Simba wakashinda 2-1. Msimu uliofuata waliitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na klabu za Raja, Pyramids na Nkana. Walimaliza bila pointi. Stars ya Lagos nayo ilirudi na pointi moja tu, na nahodha wake akaja kushika mpira wa Tanzania kwa karibu miaka 9. Vijana wa Majaliwa wasimuliwe hilo kabla Namungo hawajaingia uwanjani.