Maji ya chumvi yalipoziba jua letu

Watu wengi hudhani kwamba adui mkubwa wa maji ya sola ni mawingu. Mawingu huja yakapita. Adui anayekuja akakaa ni maji yenyewe, hasa kwa sisi tunaoishi sehemu ambazo mfereji hutoa maji ya kisima kirefu badala ya maji ya mto.

Kwetu Athi River mambo ndiyo hayo. Uwanda huu una mawe ya chokaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya viwanda vya saruji kujengwa huku. Maji yanayopita katika ardhi ya aina hiyo huibeba chokaa yake. Ukichemsha chai, birika hubaki na utando mweupe ndani. Ukifua, sabuni hukataa kutoa povu. Majirani huyaita maji ya chumvi, ingawa kinachosumbua zaidi si chumvi ya kutia mchuzini bali ni chokaa.

Nyumba tuliyoinunua ilikuwa tayari na mtambo wa sola juu ya paa: paneli moja ya kioo yenye ukubwa wa mita mraba 2, na tangi la lita 150 juu yake. Kwa mwaka wa kwanza tuliuona kama zawadi. Ndipo mama mkwe alipopatwa na kiharusi kule Mwala, na mume wangu, akiwa kifunguamimba, akamleta kwetu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekakamaa. Kila asubuhi, kabla ya mazoezi aliyopangiwa hospitalini, nilikuwa nikimwogesha kwa maji ya moto, nao ule mkono ukilowa kwa muda, vidole vilianza kufunguka kimoja kimoja. Basi maji ya moto yakawa dawa nyumbani mwetu.

Miezi michache baadaye dawa hiyo ilianza kupungua nguvu. Maji ya moto yakawa vuguvugu, na yale ya vuguvugu yakawa baridi, huku jua likiwaka vile vile. Tukarudia sufuria. Alfajiri moja nilikuwa nimeipakata sufuria kubwa kutoka jikoni kwenda bafuni, na kitinda mimba wetu wa miaka 4 akatoka chumbani mbio, macho yamejaa usingizi. Niligeuza mwili, maji yakamwagika sakafuni, na mtoto akabaki amesimama hatua moja kutoka kwenye mvuke. Hakuungua. Lakini mama mkwe aliyaona yote kutoka kitini mwake, na jioni ile akamwambia mwanawe kwa sauti ya upole, "Nirudishe nyumbani. Kule kuna kuni, na hakuna mtoto wa kuchomwa kwa ajili yangu."

Ndugu msomaji, maneno kama hayo hayalazi mtu usingizi. Kumrudisha Mwala kulikuwa ni kumwacha peke yake na mkono ule, bila mazoezi na bila mtu wa kumwinua. Ilibidi swala la maji litatuliwe, tena upesi.

Fundi wa kwanza alipanda paani, akashuka na jibu fupi: paneli imekufa, nunueni nyingine. Fundi wa pili, mzee mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi, alifungua kiungo cha bomba na kutuonyesha ndani. Njia ilikuwa imevikwa ganda jeupe, gumu kama jiwe, na pale katikati pakabaki tundu la kupitisha kalamu. "Nikiwauzia paneli mpya nitafurahi," alisema, "lakini nitarudi hapa tena kwa ugonjwa huu huu."

Binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyetufafanulia kisa na maana. Maji magumu, alisema, hubeba chokaa iliyoyeyuka. Yakipashwa moto, chokaa hiyo hugeuka, ikaacha kuyeyuka na kujishikiza popote penye joto kali. Na katika mtambo wa sola, penye joto kuliko kwingine kote ni ndani ya zile bomba nyembamba za paneli. Kila siku tulikuwa tukiingiza maji mapya kutoka kisimani, na kila siku maji hayo yaliacha chokaa yake kidogo, kama mgeni anayeacha tope zuliani.

Dawa aliyopendekeza yule mzee ni ile ambayo wataalamu huiita kihamisha-joto. Jina linatisha, lakini jambo lenyewe ni rahisi. Maji unayooga hayapiti tena kwenye paneli. Paneli hupewa maji yake yenyewe, machache na safi, ambayo huzunguka daima bila kutoka: hupata moto juani, hupanda hadi ndani ya tangi kupitia bomba la shaba lililokunjwa kama nyoka, huacha joto lake humo, hupoa na kushuka tena. Maji ya kuoga hulizunguka lile bomba kwa nje na kupokea joto kupitia ukuta wa shaba. Maji hayo mawili hukaribiana bila kukutana, kama majirani wanaopeana moto juu ya ua.

Faida yake ni hii. Maji ya paneli yakiwa yale yale siku zote, hayana chokaa mpya ya kuleta. Nayo chokaa ya kisima hubaki kwenye tangi, mahali palipo na nafasi. Hapo itajishika kwa nje ya lile bomba, kweli, lakini haitaziba njia ya kitu chochote, na inaweza kuondolewa. Asikudanganye mtu kwamba kihamisha-joto humaliza chokaa. Kazi yake ni kuihamisha kutoka mahali usipoweza kufika hadi mahali unapofika.

Mume wangu hakuridhika. Ili kuweka bomba hilo ilibidi tununue tangi jipya, kwa sababu lile la zamani lilikuwa limefungwa kabisa. "Mgonjwa ni paneli," alisema, "mbona anayefanyiwa upasuaji ni tangi?" Nilimwelewa. Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za kuweka lango, na shawa ya umeme ingegharimu kidogo. Tukakaa mezani na kupiga hesabu. Kupasha lita 150 kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 55 huhitaji takriban yuniti 6 na nusu za stima. Zidisha kwa siku 30, utapata yuniti 195 kila mwezi. Hata kama tungetumia nusu ya maji hayo, bili ingeendelea kuja maisha yote. Isitoshe, koili ya shawa nayo huliwa na chokaa ile ile. Mwisho mume wangu alimtazama mamake, aliyekuwa akijifanya amelala, akasema, "Lango litangoja."

Kazi ilichukua siku 4. Siku mbili za kwanza fundi alizungusha ndani ya paneli dawa ya asidi ya limau iliyochanganywa na maji, akiibadilisha kila ilipoacha kutoa mapovu. Tulikuwa na bahati: hakuna bomba lililokuwa limeziba kabisa, kwani lililoziba kabisa dawa haipiti. Siku ya tatu tangi jipya lilipandishwa. Ndani yake mlikuwa na mita 7 za bomba la shaba lenye upana wa milimita 22. Binti yetu alikokotoa na kupata kwamba ngozi ya bomba hilo kwa nje ni karibu nusu mita mraba, yaani kama robo ya ukubwa wa paneli. Fundi alisema ikipungua sana hapo, joto hukwama njiani na paneli hubaki ikichemka bure.

Mtambo wetu hauna pampu. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda yenyewe. Kwa hiyo fundi alihakikisha mambo matatu: kwamba sehemu ya chini ya tangi iko juu ya paneli kwa futi moja, ili usiku maji yasirudi kinyume na kupoa, kwamba kila bomba linapanda bila kushuka njiani, ili hewa isikwame, na kwamba pana kitangi kidogo cha kujazia chenye tundu la kupumulia, kwa sababu maji yakipata moto huvimba. Lita 10 zikitoka nyuzi 20 hadi 90 huongezeka kwa kiasi cha kikombe kimoja na nusu cha chai. Zikikosa pa kwenda, zitapasua kitu.

Na maji ya kujaza? Tulinunua yale yanayotiwa kwenye betri za magari, ambayo hayana chokaa hata chembe.

Sasa niseme ukweli wote, maana mgala muue na haki yake mpe. Maji yetu hayafikii joto ambalo yangefikia kama yangepita moja kwa moja kwenye paneli safi. Joto likivuka ukuta wa shaba hulipa ushuru wa nyuzi kadhaa. Mwezi wa Julai, Athi River ikifunikwa na mawingu, bado tunawasha hita ya tangi kwa muda mfupi jioni. Hata hivyo, sufuria ilirudi kazi yake ya ugali, na mama mkwe hajazungumzia tena kurudi Mwala, isipokuwa wakati wa mavuno.

Nilipotafuta kujua zaidi, niligundua kwamba hatukuwa wa kwanza. Mnamo 1909 William J. Bailey wa California, Marekani, alianza kuuza mtambo wa sola wenye paneli mbali na tangi mbali. Mnamo 1913 baridi kali isiyo ya kawaida iliikumba sehemu hiyo, maji yakaganda ndani ya mabomba ya paneli na kuyapasua. Bailey akaamua kuweka koili ndani ya tangi na kuizungushia maji yaliyochanganywa na pombe ili yasigande. Shida yake ilikuwa baridi na yetu ni chokaa, lakini dawa ni ile ile.

Kwa hiyo wewe unayefikiria jambo hili, chunguza maji yako kwanza. Kama mfereji wako hutoa maji laini ya Ndakaini au Sasumua na birika lako ni safi, huenda huna haja ya gharama hii. Ukiishi sehemu za sakitu kama Nyandarua, kihamisha-joto kitakufaa kwa sababu ya Bailey. Lakini hapo sikiliza vizuri: usikubali fundi atie dawa ya rejeta ya gari katika mabomba hayo. Aina iliyo ya kawaida ina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na koili ikitoboka itaingia katika maji ya nyumba. Iko dawa nyingine, propilini glaikoli, iliyo salama zaidi. Ulizia hiyo, na usome kibandiko mwenyewe.

Aidha, maji ya sola siku ya jua kali hupita nyuzi 60, na joto hilo huchubua ngozi ya mtoto au mzee kwa sekunde chache. Weka vali ya kuchanganya maji karibu na tangi. Sisi tuliweka, kwa sababu hatukutaka kuuondoa moto jikoni ili tuukute bafuni. Na kila mwaka mwite fundi aondoe chokaa kwenye koili na kukagua ule ufito wa magineziamu unaolinda tangi lisiote kutu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika maji ya moto ufa wenyewe huwa mweupe, nao huanza kuonekana ndani ya birika la chai. Ulitazame lako kesho asubuhi kabla hujamwaga masazo.