Shujaa Mmoja, Dunia Nyingi: Zoezi la Kulinganisha Masimulizi

Swali ambalo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kulikwepa ni hili: "Mwalimu, yupi ndiye wa kweli?" Mtoto huliuliza anapokuta hadithi anayoijua ikisimuliwa kwa namna nyingine, watu wake wakiwa na majina, wazazi au mwisho tofauti na ule alioupokea yeye. Mwalimu mwenye haraka huchagua toleo moja na kulitia la pili alama ya kosa. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kuwa swali hilo lastahili jibu bora zaidi, na kuwa njia ya kulifikia jibu hilo yaweza kufundishwa kwa hadithi ambazo wengi wetu tumezoea kuzidharau, yaani katuni za Kimarekani za mashujaa wenye nguvu za ajabu.

Nazijua lawama zinazoelekezwa kwa katuni hizo: kwamba ni za kupotezea wakati, na kwamba zimejaa ngumi. Lawama hizo zina ukweli wake. Hata hivyo watoto wengi huwafahamu mashujaa hao kwa njia ya filamu na televisheni kabla hawajaweza kusoma aya moja kwa ufasaha, nasi wakufunzi tumekuwa tukiwahimiza wanachuo waanzie kwenye yale ambayo mtoto anayajua tayari. Kwa ajili hiyo nilianza kuzisoma. Nilichokikuta kilinishangaza. Waandishi na wahariri wa katuni wamelazimika kwa zaidi ya miaka 60 kulijibu swali lile lile la mtoto wetu, na majibu yao yamechapishwa, hivyo yaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Flash wawili

Tuchukue mfano wa Flash, shujaa mwenye mbio za ajabu. Flash wa kwanza alitokea katika gazeti la Januari 1940. Jina lake halisi lilikuwa Jay Garrick, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepata mbio zake baada ya kuvuta mvuke katika maabara, na alivaa kofia ya chuma yenye mabawa. Gazeti lake lilikoma mwaka 1949. Mwaka 1956, chini ya mhariri Julius Schwartz, Flash mpya aliletwa katika toleo la 4 la gazeti la Showcase. Huyu aliitwa Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi, aliyepata mbio zake radi ilipopiga chupa za kemikali na kummwagia. Jina lilikuwa lile lile na mbio zile zile, lakini mtu alikuwa mwingine. Tena Barry Allen alionyeshwa akisoma katuni za Jay Garrick, maana yake kwamba kwake yeye Flash wa kwanza alikuwa mtu wa hadithini tu.

Ndipo Septemba 1961 likatoka toleo la 123 la The Flash, lenye hadithi iitwayo "Flash of Two Worlds", iliyoandikwa na Gardner Fox na kuchorwa na Carmine Infantino. Ndani yake Barry Allen anawaonyesha watoto kiinimacho, anautetemesha mwili wake kwa kasi kubwa mno, na ghafla anajikuta katika mji mwingine. Huko anamkuta Jay Garrick, yu hai, umri umesogea, na ameoa. Maelezo yanayotolewa ni ya werevu. Dunia mbili zipo mahali pamoja, ila kila moja hutetemeka kwa mwendo wake. Na mwandishi wa dunia moja huyaona usingizini mambo ya dunia ya pili, kisha akiamka huyaandika akidhani ameyabuni.

Baadaye dunia ya Barry iliitwa Dunia ya Kwanza, na ile ya Jay, ingawa ilitangulia kuchapishwa kwa miaka 16, ikaitwa Dunia ya Pili. Mwanachuo na alitazame hilo vizuri: anayetoa namba ndiye anayeamua nani atatangulia. Hata hivyo wahariri hao walifanya jambo la maana. Wangeweza kusema kuwa Flash wa zamani alikuwa kosa, tena wasomaji wadogo wa mwaka 1961 wasingejua. Badala yake walisema kuwa wote wawili ni wa kweli, kila mmoja katika dunia yake, wakauonyesha mpaka uliopo kati yao.

Mambo matatu ya kufuatilia

Tangu wakati huo dunia za katuni zimeongezeka sana, na anayeziingia bila mpango hupotea. Mimi huwapa wanachuo mafungu matatu ya kuwaongoza.

Fungu la kwanza ni pale jina linapobaki na mtu akabadilika. Flash ni mfano mmoja; mfano wa pili ni Captain Marvel. Wa kwanza mwenye jina hilo alitolewa na kampuni ya Fawcett katika gazeti la Februari 1940. Wenye Superman waliishitaki Fawcett kwa madai ya kuiga, na mwaka 1953 Fawcett ikaacha kumchapisha. Mwaka 1967 kampuni ya Marvel ikatoa Captain Marvel wake, mtu tofauti kabisa. Basi kampuni ya DC ilipomrudisha yule wa zamani mwaka 1973, gazeti lake lilipewa jina la Shazam!. Hapa mwanafunzi hujifunza kuwa sababu ya badiliko si lazima iwe ndani ya hadithi. Yaweza kuwa mahakamani au sokoni.

Fungu la pili ni pale mtu anapobaki na hali yake ikabadilika. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, ni mtoto mchanga aliyeletwa na chombo cha angani na kulelewa Marekani. Mwaka 2003 Mark Millar aliandika hadithi iitwayo Superman: Red Son, ambamo chombo kile kile kinatua Ukraine, katika Umoja wa Kisovieti, na mtoto anakua akiitumikia serikali ya Stalin. Nguvu ni zile zile, na nia ya kuwasaidia watu ni ile ile. Mahali tu pamebadilishwa, na matokeo yote yamegeuka. Vivyo hivyo kwa Gwen Stacy, mchumba wa Spider-Man. Katika gazeti la mwaka 1973 alikufa baada ya kutupwa kutoka juu ya daraja. Katika dunia nyingine, iliyochapishwa mwaka 2014, buibui amemuuma yeye, na aliyekufa ni Peter Parker. Waliobadilishana nafasi ni wawili hao, lakini uchungu wa aliyebaki, na lawama anazojitwika moyoni, havikubadilika.

Fungu la tatu ni la kitu kinachohama. Leo kila mtoto anayemjua Superman anajua kuwa jiwe liitwalo kryptonite humdhoofisha. Lakini msomaji wa mwaka 1938 hakulijua jiwe hilo. Lilisikika kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943, na likaingia katika magazeti mwaka 1949. Naye Harley Quinn, ambaye vijana hudhani ana umri sawa na Batman wa mwaka 1939, alizaliwa katika katuni za televisheni mwaka 1992 na ndipo akahamia magazetini. Kitu kikishahama na kupendwa, watu husahau kuwa kiliwahi kutokuwepo.

Jaribio la kuifanya dunia iwe moja

Wenye katuni waliwahi kuchoka na wingi huo. Mwaka 1985 na 1986 kampuni ya DC ilitoa matoleo 12 ya Crisis on Infinite Earths, yaliyoandikwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez. Hoja yao ilikuwa kwamba msomaji mgeni anachanganyikiwa. Basi dunia nyingi ziliangamizwa katika hadithi, zilizosalia zikaunganishwa kuwa moja, na Barry Allen mwenyewe akafa.

Mpango huo haukudumu. Mfululizo wa magazeti ulioitwa 52, wa mwaka 2006 na 2007, ulimalizika kwa kutangaza kuwa dunia zipo 52, na mwaka 2008 Barry Allen akarudi. Mimi naona sababu yake ni nyepesi: waliozisoma hadithi za kale walikuwa wangali hai, na baadhi yao ndio waliokuwa sasa waandishi. Toleo laweza kuondolewa kwenye ukurasa, lakini haliondoki kwa aliyelipenda. Mwalimu anapolifuta ubaoni toleo la mtoto, mtoto halisahau. Hujifunza kulificha tu.

Darasani

Niliwahi kukagua mazoezi ya kufundisha katika Darasa la Tano, somo likiwa ni mazungumzo kuhusu watu wa hadithini. Mvulana mmoja alieleza kwa ufasaha kuwa Spider-Man anaitwa Peter Parker, yatima aliyelelewa na ami yake na mke wa ami. Msichana wa dawati la nyuma akasimama akasema, "Hapana, anaitwa Miles, na baba na mama yake wapo." Darasa zima lilicheka, naye akaketi akiinamisha kichwa. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha hakucheka wala hakumsahihisha mtu. Aliuliza kila mmoja, "Wewe umempata wapi?" Mvulana alitaja kitabu cha kaka yake, msichana alitaja filamu aliyoiona kwa shangazi yake. Mwanachuo akagawa ubao mara mbili, akaandika majina yote mawili, na chini ya kila jina akaandika chanzo chake.

Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Peter Parker alitokea mwaka 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Miles Morales alitokea mwaka 2011, kazi ya Brian Michael Bendis na Sara Pichelli, katika dunia ambayo Peter wake alikuwa amekufa; na katika filamu ya mwaka 2018 wazazi wa Miles wote wapo. Kabla ya kengele kulia yule msichana alinyosha mkono mara mbili zaidi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha somo lile.

Zoezi lenyewe halihitaji vitabu vya gharama. Chora ubaoni jedwali lenye safu tano: jina, chanzo na mwaka, nguvu zimetoka wapi, walezi, na mwisho wake. Watoto wajaze kwa yale wanayoyajua, kila dai likiandamana na chanzo chake. Kisha waulize maswali matatu kwa utaratibu huu: Ni nini kimebaki? Ni nini kimebadilika? Badiliko hilo limeleta matokeo gani? Swali la tatu ndilo zito, nalo lisiharakishwe.

Zoezi likishaeleweka, laweza kuhamishiwa kwenye hadithi za nyumbani. Abunuwasi wa hadithi za Kiswahili amebeba jina la Abu Nuwas, mshairi aliyeishi Baghdad katika karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9; mshairi yule na mjanja huyu ni watu wawili chini ya jina moja, sawa na Flash wawili. Na mtoto aliyehadithiwa na bibi yake kuwa Sungura alishindwa, wakati kitabu kinasema alishinda, atajua sasa namna ya kulitetea toleo la bibi bila kulivunja la kitabu.

Pingamizi moja

Mwenzangu mmoja aliniambia kuwa njia hii itawafundisha watoto kwamba hakuna aliyekosa. Pingamizi hilo lina uzito, na mwanachuo sharti ajue kulijibu. Anayesema kuwa Jay Garrick alipata mbio zake kwa radi amekosa, kwa maana kitabu cha Jay hakisemi hivyo. Anayesema kuwa Miles alitokea mwaka 1962 amekosa pia, kwa kuwa tarehe ya kuchapishwa ni moja tu. Kutaja dunia hakumwondolei mtu kazi ya kuthibitisha, bali humwonyesha mahali pa kwenda kuthibitisha.

Tena njia hii ina mipaka yake. Saba mara nane ni 56 katika kila dunia. Katika historia nako, simulizi mbili zinazopingana kuhusu tukio moja hazifanyi kuwe na matukio mawili. Hapo hatuna budi kupima ushahidi mpaka tujue lililotokea. Mtoto aliyekwisha kuzoea kuuliza "umelipata wapi?" juu ya Spider-Man atakuwa tayari kuliuliza swali hilo juu ya gazeti la habari, tangazo la dawa, na hata juu ya maneno ya mwalimu wake.

Kwa hiyo namshauri mwanachuo anayekwenda mazoezini aliandike swali hilo katika andalio lake la somo, mahali ambapo kwa kawaida huandika "kusahihisha makosa", na aliulize kwanza kabla hajaishika kalamu nyekundu.